Mume Aliyepotea Katika Kiingereza

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita mjini Tanga, mbele ya wafasiri na walimu wa lugha. Waliokosa kufika waliomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku yenyewe umeme ulikatika tukiwa kwenye picha ya tatu.

Walimu wangu, wafasiri wenzangu, wazee mlioketi mbele, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma karibu na feni: shikamooni wa kushikamoo, hamjambo mliobaki.

Nianze na kosa. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha tafsiri niliandika ubaoni ile sentensi ya mantiki ambayo kila mwanafunzi wa falsafa ameionja: All men are mortal. Kijana mmoja, mwepesi wa mkono, akasimama akasoma daftari lake: “Wanaume wote watakufa.” Darasa likaangua kicheko. Binti aliyekaa dirishani hakucheka. Akauliza, taratibu kabisa: “Kwa hiyo sisi, mwalimu, kazi yetu kuzika tu?”

Yule kijana nilimkata alama mbili. Leo najua kwamba alama zile ananidai. Kamusi aliyokuwa nayo mkononi ilimwambia man ni mwanamume, na kamusi haikumdanganya. Waliomponza ni Waingereza wenyewe, na kosa lao lina umri wa miaka mia saba na zaidi. Walimzika neno wao mmoja mdogo, wa herufi tatu, halafu urithi wake wakampa jirani.

Ndiyo, nimesema “walimzika neno”. Najua ngeli, walimu, msininong'onee. Neno hili nimeishi nalo mpaka limekuwa kama mtu.

Neno lenyewe ni wer. Liandikeni: w, e, r. Litamkeni kama mtu anayeanza kusema “werevu” akaishia njiani. Ni neno la Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa tangu karne ya 5, wahamiaji walipovuka bahari kutoka pande za Ujerumani na Denmark ya leo, mpaka muda mfupi baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila kufundishwa. Sisi Kingozi, Kiswahili cha kale cha mashairi, hututoa jasho. Yeye Kiingereza cha kale humtoa machozi.

Sasa hesabuni nami. Katika lugha ile, mann maana yake ilikuwa mtu. Wer, mwanamume, na pia mume. Wif, mwanamke, na pia mke. Mtu, mume, mke. Mmesikia? Ni sisi hao! Tena kama sisi tulivyochukua “mwana” tukamwongezea “mke” tukapata mwanamke, wao walichukua wif wakamwongezea mann wakapata wifmann: mtu-mke. Huyo wifmann ndiye aliyesagwa na ndimi za karne nyingi mpaka akatoka woman. Ndiyo maana woman ana man tumboni. Wako wanaodhani Kiingereza kilimtoa mwanamke ubavuni mwa mwanamume, kama Hawa. Hapana. Yule man wa tumboni ni mtu tu.

Mtaniuliza: ushahidi uko wapi? Nitamleta shahidi, naye ni mfasiri mwenzetu.

Alikuwa mtawa, jina lake Ælfric, baadaye akawa mkuu wa watawa wa Eynsham, karibu na Oxford. Miaka elfu moja iliyopita, mtu mkubwa wa serikali aitwaye Æthelweard alimwomba amtafsirie kitabu cha Mwanzo kutoka Kilatini. Ælfric akafanya, lakini dibaji yake inatia huruma. Anasema kazi hii inamtisha. Anamkumbuka padri aliyemfundisha utotoni, aliyekuwa na kitabu cha Mwanzo na Kilatini cha kuokoteza, ambaye alikuwa akisema kwamba Yakobo alikuwa na wif wanne, dada wawili na vijakazi wao wawili. Ni kweli, anasema Ælfric, lakini mtu mjinga akisoma hivyo bila kuelezwa habari ya sheria ya kale na sheria mpya, atajiona naye anaruhusiwa kuishi kama Yakobo! Mwishoni anaapa kwamba baada ya kitabu hiki hathubutu wala hataki kutafsiri kingine kutoka Kilatini. Nani hapa hajawahi kuapa hivyo? Nyanyueni mikono. Mnaona? Hakuna hata mmoja.

Basi Ælfric huyo alipofika sura ya kwanza, aya ya 27, aliandika kwamba Mungu aliumba man kwa mfano wake, kisha akaongeza: werhades and wifhades aliwaumba. Wa hali ya wer na wa hali ya wif. Kile kiishio ni kama u- yetu ya “utoto” na “uzee”. Ningeweza kukitafsiri neno kwa neno, lakini ningepata maneno mawili ambayo mbele ya wazee siyatamki. Vijana wa nyuma wameelewa.

Sasa fungueni Biblia yenu ya Kiswahili, ile ya Union. “Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba.” Ælfric angeketi na waliotafsiri aya hii, wasingegombana kwa lolote. Mtu, mume, mke. Man, wer, wif. Kiingereza cha karne ya 10 na Kiswahili cha karne ya 20 vimekutana barabarani vikasalimiana. Kiingereza cha leo kikipita hapo hapo kinajikwaa.

Shahidi huyo huyo namwuliza swali la pili. Katika mahubiri yake juu ya kupatikana kwa Msalaba anamtaja Helena, mama yake Kaisari Konstantino, na anasema alikuwa mann mwenye imani sana. Mama wa mtu! Anaitwa mann, na hakuna aliyeshangaa. Ni kama sisi tunavyosema “bibi yangu alikuwa mtu wa watu”.

Haya. Hiyo ndiyo maana yake. Matumizi je?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu neno hili halikuwa la mashairi tu. Lilikuwa la mahakamani, na huko lilihesabiwa kwa shilingi. Tena shilingi hiyo hiyo iliyomo mifukoni mwetu: jina lake limetoka kwao, nao walikuwa nalo tangu enzi hizo.

Mtu akiuawa kwa Waingereza wa kale, ukoo wa muuaji uliweza kuulipa ukoo wa marehemu ili kisasi kikome. Malipo hayo yaliitwa wergild: wer, na gild, yaani malipo. Sisi pwani tuna neno lake tayari, dia, tulilopokea kutoka Kiarabu. Majirani zetu Wasomali wanaita mag. Kwa hiyo mkikutana na wergild katika kitabu cha historia, nawasihi, msiandike “fedha ya mwanamume”. Nimeiona mahali, sitasema wapi. Andikeni dia, mwendelee na safari.

Dia ya kila mtu ilijulikana kabla hajafa. Katika ufalme wa Wessex, mkulima huru alikuwa wa shilingi 200. Mtu wa tabaka la juu, shilingi 1200. Mnataka kujua ni kiasi gani? Sheria za London za wakati wa mfalme Æthelstan, karne ya 10, zilimkadiria kondoo kwa shilingi moja. Mkulima basi ni kondoo mia mbili. Bwana mkubwa ni kondoo elfu na mia mbili. Mtumwa? Mtumwa hakuwa na wergild. Akiuawa, mwenye mali hulipwa bei yake, kama anavyolipwa mtu aliyeuliwa ng'ombe. Na ndani ya sheria za mfalme Ine, aliyetawala tangu mwaka 688 hadi 726, Mwelshi asiye na ardhi alikuwa wa shilingi 60. Waliokuja kwa mashua wakamkuta nyumbani kwake, wao 200, yeye 60.

Yako masimulizi yanayoonyesha fedha hizo zikitembea. Mwaka 687 alikuweko Mul, ndugu wa mfalme Cædwalla wa Wessex. Aliingia Kent kwa vita, na watu wa Kent wakamchoma moto, yeye na wenzake kumi na wawili. Cædwalla akarudi kuiteketeza Kent. Miaka saba baadaye, mwaka 694, Ine alipokuwa ameshakalia kiti, watu wa Kent wakafanya suluhu naye na kumlipa elfu 30, “kwa sababu walimchoma Mul”, ndivyo kumbukumbu zinavyosema. Elfu thelathini za nini? Nakala zinapingana: huyu anaandika hivi, yule anaandika vile. Wanakili walikuwa na shida zao, nasi tunazo zetu.

Na angalieni neno lilivyotembea. Mazoea yalipokuwa mengi, sheria zikaacha hata kusema wergild. Zikasema tu: alipe wer yake. Jina la mwanamume likawa jina la bei yake.

Mambo mawili nitayapitia mbio, maana naona mwenyekiti ananitazama. La kwanza, mtandaoni mtakuta watu wakisema kwamba mwanamume aliitwa wereman, awe jozi na wifman. Linapendeza, lakini jozi zinazokutana katika maandishi ni wer na wif, na pembeni yake wæpnedmann na wifmann. Wæpnedmann ni mtu mwenye silaha. Silaha ipi? Wataalamu wanasema walikusudia upanga, na wanasema pia hawakukusudia upanga peke yake. Tuendelee. La pili: mfalme Alfred, aliyekufa mwaka 899, katika wasia wake aliugawa ukoo pande mbili, upande wa mkuki na upande wa pia, ile ya kusokotea uzi. Sisi tunasema kuumeni na kukeni, hatuhitaji chuma wala pamba.

Sasa, wenzangu, neno lenye kazi nyingi namna hii, neno la Mwanzo, la mahakama, la nyumbani, linakufaje?

Lilibanwa pande mbili. Upande wa nyumbani waliingia watu wa Skandinavia, waliohamia kwa wingi kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9, wakaja na húsbóndi: mwenye nyumba, mkaa nyumba. Likawa husband. Mke wa Kiingereza akaacha kusema wer wangu, akasema mwenye nyumba wangu. Upande wa barabarani alikuwepo mann. Yeye tangu zamani alikuwa ameshaanza kuegemea kwa wanaume, maana wenye kutajwa katika vita, kodi na kesi walikuwa ndio hao. Ukisema “watu mia walikwenda vitani”, msikilizaji hahitaji kuambiwa ni watu gani. Kidogo kidogo mtu akazoea kuwa mume. Kufika mwisho wa karne ya 13, wer alikuwa amekwisha. Wif naye akabaki na mume wake tu, akawa wife, ila katika pembe chache: mkunga anaitwa midwife, na midwife hamaanishi mke wa mtu. Mid ni “pamoja na”. Aliye pamoja na mwanamke.

Jambo la kuchekesha ni kwamba ndugu zake wer wako hai. Kilatini kina vir, Kiayalandi fear, Kilithuania vyras. Na majirani zetu Wahindi wanamwita shujaa vir, kutoka vīra ya Kisanskriti. Tena baada ya mwaka 1066, wakati wer anakata roho, Kifaransa kilikuwa kikiingiza Uingereza watoto wa yule vir wa Kilatini kwa mlango wa mbele. Virtue ni mmoja wao. Kwa Warumi virtus ilikuwa uanaume, ikawa ushujaa, ikaishia kuwa wema. Hebu linganisheni na mahali tulipojenga sisi. Tukimsifu mtu kwa wema tunasema ana utu. Warumi waliuchimbua wema kwa mume, sisi kwa mtu.

Na wer mwenyewe? Yuko kaburini, lakini ana vidole viwili nje.

Kidole cha kwanza mnakijua kutoka kwenye sinema: werewolf. Mwanamume-mbwa-mwitu. Mara ya kwanza linaonekana katika Kiingereza ni ndani ya sheria za Cnut, Mdenishi aliyeitawala Uingereza tangu mwaka 1016 mpaka 1035. Mwandishi wa sheria hizo alikuwa Wulfstan, Askofu Mkuu wa York. Hamna mwezi mpevu ndani yake, wala nywele kuota viganjani. Wulfstan anawaonya maaskofu na mapadri wawe wachungaji macho, ili werewulf mwenye kichaa asirarue wala kuwang'ata wengi katika kundi la Mungu. Anamsema Ibilisi. Na Wulfstan mwenyewe, jina lake lina mbwa mwitu ndani. Maandiko yake mengine aliyatia sahihi ya Kilatini Lupus, Mbwa Mwitu. Sheria hiyo imeandikwa na Bwana Mbwa Mwitu, jamani, dhidi ya mbwa mwitu.

Singida walipokuwa na visa vyao vya mauaji, watu walisema “watu-simba”. Mtu-simba aweza kuwa yeyote. Kiingereza kikitengeneza sinema ya binti anayegeuka mbwa mwitu, kinalazimika kumwita mwanamume-mbwa-mwitu wa kike, na wala hakijui kwamba kimesema hivyo.

Kidole cha pili ni kikubwa, mmekitumia leo asubuhi. World. Zamani weorold: wer, na neno la umri. Umri wa mwanamume. Maisha ya mtu, kisha zama, kisha mahali zama hizo zinapopita, kisha sayari nzima. Sisi “dunia” tumeipata kwa Waarabu, na kwao ni kilicho karibu, kilicho chini. Wao wameipima kwa maisha ya mwanamume mmoja.

Nifike sasa kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja kusimama hapa. Je, neno likifa, kuna anayeumia?

Mwaka 1850, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufasiri sheria, ikasema kwamba maneno yenye jinsia ya kiume yahesabiwe kuwajumlisha na wanawake, isipokuwa pale panaposemwa vingine waziwazi. Fikirini. Ilibidi Bunge likae, lijadili, lipige kura, ili he awe ndani yake na she! Kiswahili kina “yeye”, hakikuhitaji Bunge.

Mwaka 1867 ikapita sheria nyingine, ya kupanua haki ya kura. Ikasema every man mwenye sifa hizi na hizi atapiga kura. Mwaka huo huo, Manchester, kulikuwa na mama muuza vyombo vya udongo dukani kwake, Lily Maxwell. Jina lake liliingia kwenye daftari la wapiga kura kwa makosa ya karani. Uchaguzi mdogo ulipofika, mwezi Novemba, mama huyo akaenda. Kura ilikuwa bado ya kutamka wazi mbele za watu. Akamtaja mgombea wake, Jacob Bright, na waliokuwepo wakampigia makofi.

Wanawake wengine wakaona: kumbe! Sheria ya 1850 inasema wa kiume ajumlishe wa kike. Sheria ya 1867 inasema man. Basi sisi ni man. Wanawake 5,346 wa Manchester wakadai waandikwe. Wakakataliwa, na mwaka 1868 shauri likafika mahakamani London, likajulikana kwa jina la Chorlton dhidi ya Lings. Upande wa wanawake alikuwemo wakili Richard Pankhurst. Jina hilo la ukoo mtalikuta tena katika habari za kura za wanawake, kwa mkewe na mabinti zake. Wakachimbua karatasi za kale kuonyesha kwamba zamani man alikuwa mtu. Majaji wakasikiliza. Wakasema: hapa, man ni mwanamume.

Hapa! Maana panapohusika kodi, man alikuwa mtu, na mama muuza vyombo alilipa. Panapohusika kifungo, man alikuwa mtu, na mama angefungwa. Penye kura, man ni mwanamume. Neno moja limebebeshwa kazi mbili, na aliyeshika rungu ndiye anayechagua ni kazi ipi leo. Wanawake wa Uingereza walingoja mpaka mwaka 1918, tena wenye umri wa miaka 30 na kuendelea na kwa masharti; usawa kamili wa kura ulikuja mwaka 1928.

Je, kama wer angekuwa hai? Ingewalazimu waandike every wer, waone haya mchana kweupe. Pengine wasingeona haya. Lakini yule karani, wale majaji, wale wabunge, wasingepata pazia la kujificha.

Utata huo Shakespeare aliuona mapema akaufanyia mzaha. Hamlet anasema man hamfurahishi tena, akimaanisha binadamu, anawaona wenziwe wanatabasamu, inambidi aongeze haraka: wala woman. Mzaha wa sekunde tatu. Wafasiri wanaulaani mpaka leo, kwa sababu ukiweka “mtu” umeua kicheko, na ukiweka “mwanamume” umeua falsafa. Mimi ningeweka “mtu” nikakiacha kicheko kife. Mzee wangu pale anatikisa kichwa. Tutagombana wakati wa chai.

Miaka themanini baada ya kesi ya Manchester, Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiandika Tangazo la Haki za Binadamu. Rasimu ikawa na ile sauti ya kizamani, all men. Katika tume iliyoliandika walikuwepo wajumbe wanawake wawili, Eleanor Roosevelt wa Marekani, mwenyekiti, na Hansa Mehta wa India. Roosevelt aliona man yuatosha, Wamarekani wamemzoea tangu Tangazo lao la Uhuru la 1776. Mehta akakataa. Alijua serikali zitakalolifanyia neno hilo zikifika nyumbani. Ndipo likaandikwa all human beings, likapitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Na human, kwa faida ya vijana, si hu pamoja na man. Ni la Kilatini, halina undugu naye, mwisho wake unafanana tu.

Lakini Mehta alipomaliza sentensi ya kwanza, ya pili ikampita: watu watendeane kwa roho ya brotherhood, ya kaka na kaka. Sasa sikilizeni Kiswahili. “Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu.” Watu. Kindugu. Alichokipigania Mehta katika sentensi ya kwanza, na kilichomponyoka katika ya pili, mfasiri wetu alikuta vyote vimelala mezani, akavichukua bila kutoa jasho. Ndugu ni kaka, ni dada, ni wewe uliyechelewa ukasimama mlangoni.

Msinipigie makofi, maana nasi tunazo zetu. “Binadamu” tunayejivunia ni bin Adamu, mwana wa kiume wa Adamu. Hawa hakutajwa, na wala hakuna binti Adamu ndani yake. Mtoto akilia tunamwambia jikaze kiume. Mkono wa kulia tumeuita wa kuume. Na katika mikutano ya vijiji nimesikia “watu wote waje na majembe, na wanawake waje na maji”. Watu wote, na wanawake! Pale ndipo mann alipoanzia safari yake, wenzangu. Hakuanzia kwenye kamusi. Alianzia kwa mjumbe aliyesema hivyo, na kwa wasikilizaji walioona ni sawa.

Kwa hiyo mkikutana na man mezani kwenu, mwulizeni kwanza: wewe ni mann au ni wer? Mkataba unaposema manpower, tuna nguvukazi, msihangaike. Manhole ni chemba, mafundi wa mabomba wameshalimaliza hilo zamani. Man of the match ni mchezaji bora wa mechi. Lakini mkiletewa wasia wa zamani, au sheria ndogo ya enzi ya ukoloni, ukasema any man, msikimbilie “mtu” kwa sababu ni jema, wala “mwanamume” kwa sababu kamusi imesema. Tazameni mwaka. Tazameni nani alinyimwa nini siku hiyo. Mimi mwenyewe nilipewa karatasi ya shamba ya namna hiyo, nikaandika “mtu” kwa moyo mweupe, na mama mmoja akaishika mkononi akaamini tangu siku ile babu zake walimruhusu bibi yake kumiliki. Hawakumruhusu. Ilibidi nimpigie simu.

Na yule kijana wa alama mbili, sasa ni mfasiri, na ni mkali kuliko mimi. Nilipomsimulia habari hizi alinyamaza, akaniuliza kama deni linazaa riba.

Asanteni. Mzee wangu wa Hamlet, nakuona umeshasimama. Kipaza sauti kiko kwa dada pale kushoto.